Jicho la Kamera Katika Pwani ya Jambiani

Baada ya sala ya Alfajiri tulishuka pwani ya Jambiani, mashariki ya Unguja, pamoja na wanafunzi watatu na kamera ya kuazima. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, na jua lilipopanda mchanga uling'aa kama unga.

Picha zetu za kwanza zilitutahayarisha: mchanga ulitoka kijivu. Kumbe kamera, ikiona weupe mwingi, hudhani nuru imezidi, ikaipunguza. Dawa yake ni kuiongezea nuru daraja moja au mbili. Ibn al-Haytham wa Basra, yapata miaka 1,000 iliyopita, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba hata jicho la mtu hukosea.

Kisha tukajifunza mpangilio. Upeo wa bahari tuliuweka juu, ili mbingu ipate theluthi moja, na mchanga wenye mikunjo ya maji upate mbili. Ngalawa ikakaa pembeni.

Mwanafunzi mmoja aliwapiga picha kina mama waliokuwa wakivuna mwani. Ilikuwa nzuri kuliko zote, nasi tukaisifu kabla ya kukumbuka kuwa hakuomba idhini. Tulikwenda kuwataka radhi. Mmoja wao hakuridhia, basi tukaifuta mbele ya macho yake.

"Ahsanteni, wanangu," akasema, "sasa pigeni bahari."

Enyi vijana, mpangilio si kujua cha kutia katika picha tu, bali pia cha kuacha. Mchanga tuliukosea tukaurudia. Heshima ya mtu ikivunjwa, hairudi kwa kuongeza nuru.