Harufu Isiyo na Mwenyewe

Jicho husifiwa kwa kuona na sikio kwa kusikia, lakini pua hupewa heshima haba, kana kwamba kazi yake ni kufurahia manukato na kuchukia uvundo tu. Hata hivyo, yapo mashaka ambayo hubisha hodi puani kwanza, kabla jicho halijaona moshi wala sikio halijasikia mlio.

Abiria wa basi litokalo Maganzo kwenda Mwanza akinusa mpira unaoungua, humwita dereva, na dereva husimama kando ya njia. Hewani hakuna kando ya njia. Abiria yule yule akipanda ndege Mwanza kwenda Dar es Salaam, akanusa kitu asichokifahamu, aghalabu hunyamaza. Huona haya kuwa wa kwanza kusema, na hudhani kuwa wenye kazi wanajua tayari. Haya ni pambo la mtu, lakini pambo lizibalo kinywa wakati wa hatari si pambo tena.

Katika ndege nyingi hewa ya kupumua huchotwa katika injini, kabla ya mahali mafuta yanapowashwa. Kizuizi cha oili kikilegea, oili huvuja ikachanganyika na hewa hiyo, na harufu yake hufanana na ya soksi chafu. Ndege za Boeing 787, ambazo Air Tanzania ilipokea ya kwanza mwaka 2018, hazichoti hewa ya abiria katika injini. Lakini nazo zina jiko, zina nyaya, na zina abiria wenye simu ambazo betri zake zaweza kushika moto zikibanwa katika kiti. Harufu yaweza kuwa ya mkate ulioungua, na yaweza kuwa mwanzo wa msiba. Pua ni shahidi, si hakimu.

Tarehe 2 Septemba 1998 marubani wa ndege ya Swissair, iliyotoka New York kwenda Geneva, walinusa harufu wakaidhania ya mtambo wa hewa. Ulikuwa moto uliofichika juu ya dari. Baada ya dakika 21 hivi ndege ilianguka baharini karibu na Kanada, wakafa watu 229. Wachunguzi walisema kuwa hata kama marubani wangeshika njia ya kutua papo hapo, muda usingetosha. Lawama basi si yao. Funzo ni uchache wa dakika. Mwaka 1980 ndege ya Saudia ilirudi Riyadh ikiwa na moshi, ikatua salama, lakini milango haikufunguliwa kwa wakati. Wote 301 walikufa wakiwa juu ya ardhi.

Wajibu wa abiria ni mdogo na mwepesi: kumwita mhudumu mara moja, kumweleza harufu imeanzia wapi, lini, inafanana na nini, na kama inazidi au inapungua. Mhudumu humpasha rubani. Rubani huvaa barakoa ya oksijeni, hutafuta chanzo, na asipokipata hutafuta uwanja ulio karibu.

Mchimbaji wa almasi wa Maganzo hatupi changarawe kabla ya kuichekecha, ingawa ajua kuwa karibu yote ni mawe matupu. Hachekwi kwa kuchekecha bure. Wala abiria aliyesema, ikaonekana ni mkate tu ulioungua, hastahili kuchekwa.