Garimoshi la Tywyn lililookolewa na watu wasiolipwa

Iwapo safari zako zitakufikisha Uingereza, na ukabakiwa na siku moja ya ziada baada ya kuwaona jamaa zako wa London au Birmingham, usiimalize madukani. Panda treni mjini Birmingham uelekee magharibi hadi Wales. Ukishapita Machynlleth, mji ambao jina lake huwashinda hata Waingereza wenyewe, reli huandama ukingo wa maji. Bahari mkono wa kushoto, milima mkono wa kulia. Shuka Tywyn.

Tywyn ni mji mdogo wa pwani, wenye upepo mwingi na mvua isiyobisha hodi. Usishangae ukiwasikia watu wakisalimiana kwa Kiwelshi, lugha yao ya asili. Tembea kwa miguu dakika chache hadi stesheni nyingine iitwayo Wharf, na hapo pua itatambua kabla ya macho: moshi wa makaa ya mawe uliochanganyika na harufu ya mafuta moto. Mbele yako limesimama garimoshi dogo ajabu. Vyuma vya reli yake vimeachana kwa sentimita 69 tu. Reli yetu ya zamani ya kutoka Mombasa ina upana wa mita moja kamili, kwa hivyo unaweza kukisia udogo wake.

Hii ndiyo reli ya Talyllyn. Sasa watazame wafanyakazi wake. Huenda aliyekukatia tikiti ni mwalimu mstaafu, na yule aliyepakaa masizi hadi masikioni ni karani wa benki. Wapo wachache wanaopokea mshahara, lakini wengi hawalipwi hata senti moja. Wanakuja kwa nauli yao, wanafanya kazi iliyo chafu na nzito, kisha wanarudi makwao. Mambo yamekuwa hivyo tangu mwaka wa 1951, na hii ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea.

Naam, zaidi ya miaka 70! Sisi tunaojua harambee tunajua pia jinsi miradi inavyofunguliwa kwa ngoma na nderemo, na baada ya miaka mitatu jengo likabaki makao ya popo. Je, hawa wenzetu walifanya nini?

Reli yenyewe ilijengwa miaka ya 1860 kwa ajili ya kuteremsha mawe ya sleti kutoka machimbo ya Bryn Eglwys huko milimani. Sleti ni jamaa ya vile vibao walivyoandikia babu zetu shuleni. Wawelshi waliyachonga mawe hayo mabapa yakaezeka nyumba kila pembe ya dunia. Mwaka wa 1911 machimbo na reli vilinunuliwa na mbunge wa huko, Sir Henry Haydn Jones. Machimbo yalifungwa mwishoni mwa mwaka wa 1946, lakini mzee yule aliapa kwamba maadamu yu hai, garimoshi litaendelea kuwabeba watu. Alitimiza ahadi yake hadi alipofariki Julai 1950. Kufikia hapo reli ilikuwa hoi. Mataruma yalikuwa yameoza, na watu walitania kwamba kilichoshikilia vyuma visitawanyike ni majani tu. Injini zilikuwa mbili, nayo moja tu, Dolgoch, ndiyo iliyoweza kutembea.

Ndipo akajitokeza mwandishi mmoja kwa jina Tom Rolt. Oktoba 1950 yeye na wenzake waliitisha mkutano katika hoteli moja mjini Birmingham, na chama kikaundwa. Mei 14, 1951, garimoshi lao la kwanza likaondoka Wharf hadi kituo cha Rhydyronen.

Hapa nakuomba utue kidogo, maana jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Watu hawa hawakungoja kila kitu kikamilike. Wangeweza kukaa miaka kumi wakichangisha pesa za kutengeneza njia nzima, na mvua ingewatangulia. Badala yake walianza na kipande kifupi walichokimudu, abiria wakalipa nauli, na nauli ikanunua mataruma. Mtu aliyetoa mchango wake aliweza kuja Jumamosi akauona ukitoa moshi.

Jambo la pili ni la karatasi, na huenda likakuchosha, lakini ndilo huvivunja vyama vingi. Mjane wa Sir Haydn hakuwauzia reli kwa bei ya sokoni. Aliwakabidhi kwa masharti ya upole, na hisa zikawekwa chini ya kampuni iliyoundwa mahsusi kwa kazi hiyo. Hivyo hapakuwa na mtu mmoja ambaye angeamka asubuhi na kuiuza injini kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, au warithi wake wakaja kuidai. Injini inayosimama kwenye shamba la mtu "kwa muda tu" ni sawa na ng'ombe uliyemfuga kwa jirani bila shahidi.

Tena hawakumfukuza aliyejua kazi. Edward Thomas, aliyekuwa meneja wa reli enzi za Sir Haydn, alibaki nao akiwaongoza. Mjini watu walikuwa na elimu ya vitabu. Mzee Thomas alijua kila kona ya njia ile na tabia za kila injini. Mwaka uo huo wa 1951 walinunua injini mbili zilizokuwa zimelala tangu reli ya jirani ya Corris ilipofungwa mwaka wa 1948. Kila moja waliipata kwa pauni 25. Moja waliipa jina la Sir Haydn, na ya pili wakaiita Edward Thomas. Mzee alipewa heshima yake angali na masikio ya kuisikia.

Injini hiyo ya pili ilikuwa mbovu. Lakini mkuu wa kiwanda cha Hunslet, waliokuwa watengenezaji wa injini mjini Leeds, alikuwa mwanachama, na kiwanda chake kikaitengeneza bila malipo. Hapa sharti niseme wazi: mapenzi matupu hayachomelei chuma. Chama chochote cha aina hii kinamhitaji mtu mwenye karakana, na mwingine mwenye kalamu ya hesabu, la sivyo kitabaki kikundi cha kupiga picha.

Haya, panda sasa, filimbi imelia. Kaa dirishani. Utagundua kwamba milango yote ya mabehewa iko upande mmoja tu. Mwaka wa 1866 mkaguzi wa serikali alipima nafasi chini ya madaraja akaona ni finyu mno. Mtu akifungua mlango wa upande wa pili asingepata pa kutokea. Basi upande ule ukafungwa, na hadi leo umefungwa. Utapita Pendre, ambako karakana ipo, kisha malisho ya kondoo, halafu Dolgoch yenyewe, penye daraja refu na maporomoko ya maji ndani ya msitu. Injini hunywa maji hapo. Mbele zaidi ni Abergynolwyn, na mwisho ni Nant Gwernol, kipande kilichofunguliwa kwa abiria mwaka wa 1976 kwa jasho la wanachama wenyewe. Safari nzima ya kupanda ni kilomita zisizotimu 12, na inakaribia saa moja. Ikiwa una haraka, kodi baiskeli.

Pale Abergynolwyn ndipo gadi mmoja wa kujitolea alipopuliza filimbi mapema mwaka wa 1952, garimoshi likaondoka na kumwacha mama muuza vinywaji. Gadi yule alikuwa kasisi, W. Awdry, yule yule aliyeandika hadithi za Thomas ambazo watoto wako huzitazama kwenye televisheni. Hakuadhibiwa. Alikigeuza kisa hicho kuwa hadithi katika kitabu chake cha mwaka wa 1955, na watoto wengi wakapajua Tywyn kupitia kwake.

Kisa hicho ni cha kuchekesha, lakini kinaonyesha kitu. Si kila mtu anayependa garimoshi anataka kushika spana. Yupo wa kufyeka nyasi kando ya njia, yupo wa kupika chai, yupo wa kuuza vitabu, yupo wa kuandika barua za kuomba msaada. Reli hii humpa kila mmoja pa kusimama. Anayetaka kuwa dereva naye haruki ngazi. Huanza kwa kusugua injini, akawa mtia makaa, na baada ya miaka kadhaa na mitihani ndipo anapokabidhiwa usukani wa mvuke. Hata watoto wanaokuja na wazazi wao wana kikundi chao, Tracksiders, wakipewa kazi zinazowafaa. Chama chenye mvi tupu kinajichimbia kaburi, na hawa walilitambua hilo mapema.

Sasa tuongee habari za boila, maana huko ndiko pesa humezwa. Boila ni kama birika kubwa la chuma lenye mirija mingi ndani. Moto hupita ndani ya mirija, maji huizunguka, mvuke ukazaliwa. Haiwashwi kama jiko la stima. Mwashaji hufika alfajiri na kuipasha polepole kwa saa kadhaa, chuma kipate kutanuka kwa pamoja bila kupasuka. Na hata ukiitunza kama yai, kutu na chumvichumvi za maji huila. Nchini Uingereza boila hupewa cheti cha takriban miaka kumi. Kikiisha, injini hufumuliwa, mirija hung'olewa, chuma hupimwa unene, boila ikajazwa maji na kushindiliwa kuliko kawaida ili waone kama itavuja. Kwa injini kubwa kazi hiyo hula mamia ya maelfu ya pauni.

Kwa hivyo siku injini iliyofufuliwa inapotoka karakana kwa vifijo, saa ya miaka kumi imeanza kuhesabu. Kikundi chenye busara huanza kuweka akiba ya matengenezo yajayo wiki hiyo hiyo. Wapo wengi waliofurahia miaka kumi ya mvuke kisha wakabaki na sanamu iliyopakwa rangi.

Kuhusu akiba, wana wa Darlington walitoa funzo. Injini 49 za aina ya A1 zilivunjwa zote kufikia mwaka wa 1966, isibaki hata moja. Mwaka wa 1990 kikundi kilianza mpango wa kuunda ya hamsini kuanzia mwanzo. Hawakuwategemea matajiri pekee. Waliwaomba watu wa kawaida watoe bei ya glasi ya bia kila wiki, ikikatwa moja kwa moja kutoka benki. Kina mama wa vyama vyetu vya kuzungushiana pesa wangewaelewa mara moja. Ilichukua miaka 18, boila ikatengenezwa Ujerumani, na mwaka wa 2008 injini iitwayo Tornado ikatoa mvuke wake wa kwanza.

Si wote wanaofaulu. Huko huko Wales, kampuni iliyoendesha reli ya Llangollen ilishindwa na madeni, ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi Machi 2021, mwaka mmoja baada ya ugonjwa wa Korona kuzinyamazisha reli za aina hii kote nchini. Kilichoiokoa njia ile ni kwamba kulikuwa na chama cha wanachama kando ya kampuni, nacho kikabeba mzigo. Na sasa makaa yenyewe yamekuwa taabu. Mgodi wa Ffos-y-Fran, uliolisha magarimoshi mengi makaa mazuri ya Wales, ulifungwa mwaka wa 2023. Wengine wanaagiza kutoka ng'ambo, wengine wanajaribu mafungu ya makaa yaliyofinyangwa viwandani. Moto wake si ule ule, na watia makaa wakongwe wanajifunza upya.

Ukirudi nyumbani, pitia Makumbusho ya Reli karibu na stesheni ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Humo yumo jitu liitwalo Mount Gelai, nambari 5918, moja kati ya injini 34 zilizoundwa Manchester mwaka wa 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Lina uzito wa tani 252. Hakuna injini za mvuke za reli ya mita moja zilizowahi kuzishinda hizi nguvu, na zote zilipewa majina ya milima yetu. Kando ya jitu hili, Dolgoch ni punda mbele ya ndovu. Mwanzoni mwa karne hii lilirudishiwa moto likawavuta watalii, kisha likatulia tena.

Magarimoshi ya aina hii yalistaafishwa kufikia mwaka wa 1980. Kijana aliyechochea moto akiwa na miaka 20 wakati huo, leo ana zaidi ya 60, na waliokuwa madereva ni wazee zaidi. Kama una babu au mjomba aliyefanya kazi hiyo Nakuru, Voi au Kisumu, mpeleke makumbusho siku moja asiyokuwa na maumivu ya magoti. Beba daftari. Muulize waliiwasha saa ngapi, walijuaje kwamba maji yamepungua, na ni mkono upi ulishika nini pale treni ilipopanda mlima na mzigo mzito nyuma.