Jumamosi na Bi Shakamoto

Nyumbani kwetu filamu ya Mrs. Doubtfire ilikuwa na jina lake. Baba aliiita Bi Shakamoto. Doubt ni shaka, fire ni moto, yamekwisha. Nilifika sekondari nikiwa bado nasema Bi Shakamoto mbele ya marafiki zangu Waingereza, halafu nashangaa kwa nini wananikodolea macho.

Wale mnaotusikiliza kila wiki mnajua kwamba Kiswahili changu nimekiokota vipande vipande. Basi kipande kikubwa nilikiokota kwenye kaseti ile ya VHS. Wazazi wangu waliachana mwaka 1997, nikiwa na miaka minane. Mimi na Mama tulibaki Reading, Baba akahamia chumba kimoja London, juu ya duka la kufulia nguo, tukawa tunaonana Jumamosi. Chumbani kulikuwa na kitanda, televisheni, mashine ya video na kaseti tatu. Moja ya mpira, moja ya harusi ya ami yangu Mombasa, na hiyo. Fikiria mwenyewe tulikuwa tunatazama ipi.

Ila Baba hakukubali niisikilize kwa Kiingereza. Alipunguza sauti, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kuwasemea wote. Robin Williams akawa anaongea kama kuli wa bandarini Kilindini. Sally Field akawa karani wa benki, mpole lakini hana mchezo. Na Bi Shakamoto mwenyewe akapewa sauti ya shangazi mmoja wa Baba wa Mji wa Kale, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona lakini namna yake ya kukemea naijua mpaka leo. "We mtoto, hebu shuka hapo kabla sijakushusha mimi!" Neno moja la kwenye filamu kwa Baba lilikuwa dakika nzima. Kuna wakati watu walikuwa wameshatoka kwenye picha na yeye bado anawasemea.

Nikiwa chuo kikuu binamu yangu alinitumia video za DJ Afro, yule Mkenya anayesimulia filamu kwa Kiswahili huku mapigano yakiendelea. Nilicheka mpaka mwenzangu wa chumba akaja kuuliza kuna nini. Nilishindwa kumweleza. Ningeanzia wapi? Kwamba mimi nilikuwa na DJ Afro wangu, wa mtazamaji mmoja, Jumamosi tu?

Kwa wale ambao hamjaiona, na sitawahukumu sana: filamu ilitoka mwaka 1993, imeongozwa na Chris Columbus, na imetokana na kitabu cha mwandishi Mwingereza, Anne Fine, cha mwaka 1987. Daniel ni baba wa watoto watatu huko San Francisco. Kazi yake ni kuzipa katuni sauti. (Ndiyo. Mtu anayesemea wengine. Niligundua hilo nikiwa na miaka thelathini na ushee, usinicheke.) Kazi inamshinda, ndoa inamshinda, mahakama inampa mke watoto na yeye anaambiwa atawaona Jumamosi. Hawezi kuvumilia. Anajigeuza bibi kizee, anavaa sura ya bandia na gauni, anaenda kuajiriwa yaya nyumbani kwa mkewe.

Nikiwa na miaka tisa nilijiuliza swali moja tu kuhusu filamu hii. Kwa nini Baba hajavaa gauni?

Kwa sababu Baba hakuja kila Jumamosi. Zilikuwepo Jumamosi nyingine nilizokaa kwenye ngazi za ndani, nimeshavaa koti na viatu, mpaka saa sita mchana ikapita na Mama akaniambia kwa upole njoo ule. Baba alifanya kazi za usiku, hilo nilielezwa. Lakini yule mzungu kwenye televisheni alipaka uso plastiki na kuvaa matiti ya bandia ili awaone wanawe siku za kazi, na wangu alishindwa kupanda treni ya nusu saa. Mtoto anapiga hesabu zake.

Sikuwahi kumwambia. Kwetu mtoto hamuulizi mzazi mambo kama hayo. Nilisoma, nikapata kazi, nikahamia London, na mimi na Baba tukawa watu wa shikamoo, marahaba, umekula, nimekula.

Mwaka 2024 nikamnunulia zawadi ya kutimiza miaka sitini na sita: tiketi mbili za Mrs. Doubtfire ya jukwaani, Shaftesbury Theatre. Nilimpigia simu kumwambia.

"Wanaimba?" akauliza.

"Ndiyo Baba, ni mchezo wa nyimbo."

"Nani amewaomba waimbe?"

Alikuja na suti ile ya harusi na mazishi. Tulikaa juu kabisa, mahali ambapo ukiinama mbele kidogo unahisi kama utaangukia jukwaani. Taa hazijazimika vizuri, Baba akaniinamia sikioni na kuanza: "Haya, huyu ndiye Danieli, mwana wa bandari..." Sauti ile ile. Nilikuwa na miaka thelathini na tano, nina mkopo wa nyumba, na machozi yalinitoka kwa kicheko kabla hata wimbo wa kwanza haujaisha. Mama mmoja wa safu ya mbele akageuka kutuangalia. Baba akampungia mkono kama wanajuana.

Halafu ikaja mahakama. Jukwaani mambo hayo yanakwenda haraka, jaji anasema yake, Jumamosi zinatajwa, kwisha. Nikasubiri tafsiri. Haikuja. Nikadhani ni yule mama aliyegeuka.

Nisema ukweli kuhusu mchezo wenyewe, maana najua mtaniuliza. Muziki ni wa ndugu wawili, Wayne na Karey Kirkpatrick, na huyo Karey ameandika hadithi pamoja na John O'Farrell. Nyimbo mbili tatu zingeondolewa na hakuna ambaye angezidai. Lakini kuna kitu jukwaa linacho ambacho kaseti yetu haikuwa nacho. Filamu ilipata Oscar ya vipodozi, na kwa haki, ila kwenye filamu wanakata picha: sasa ni mwanaume, sasa ni bibi. Jukwaani hakuna kukata. Unamwona mtu mzima anahangaika. Sura inavaliwa, inavuliwa, wigi linakaa upande, sauti lazima ibadilike kabla mlango haujafunguliwa. Unamsikia anavyohema. Nilipokuwa mtoto niliona ujanja tu. Safari hii nikaona uchovu. Nikamkumbuka Baba wa zamani akipokea simu ya kazini, akijikohoza kwanza, akivaa Kiingereza chake cha "yes sir, no problem sir", kisha anakata na kunigeukia na sauti ya shangazi wa Mji wa Kale.

Mapumziko tulinunua aiskrimu za vikopo, zile zenye kijiko kilichofichwa kwenye kifuniko. Baba alikitafuta kijiko muda mrefu.

"Umenyamaza, Baba."

"Nasikiliza. Leo mimi ni mgeni."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikusudia iwe mzaha. Nikamwambia, "Hivi wewe hukuwahi kufikiria kuvaa gauni uje kwetu?"

Hakucheka. Akala kijiko kimoja, akafikiri.

"Nilifikiria. Mama yako angenijua kwa kikohozi."

Hapo tukacheka wote, tena kwa sauti. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Ule mlango wa Reading niliupaka rangi mimi. Ule wa kijani. Kubisha hodi mlango ulioupaka rangi mwenyewe, mwanangu, si kazi ndogo. Kuna siku nilifika mpaka kituo cha basi pale, nikarudi."

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo miaka ishirini na saba bila kujua. Na ilipokuja haikunituliza hata kidogo. Kituo cha basi! Kilikuwa hatua mia mbili kutoka kwenye ngazi zangu. Kama alikuwa kazini ningeweza kumsamehe. Kumbe alikuwa karibu hivyo.

"Nilikuwa nimevaa koti, Baba," nikasema.

"Najua."

"Hujui."

Kengele ikalia ya kurudi ndani. Akanishikia kikopo changu kitupu, akatafuta pipa la taka, akaviweka vyote viwili taratibu kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Tukapanda ngazi.

Sehemu ya pili ndiyo bora zaidi, na nitawaambia kwa nini: mkahawa. Daniel lazima awe mezani kama yeye mwenyewe na wakati huo huo mezani kwingine kama Bi Shakamoto, na jukwaani wameufanya mkahawa wa Kihispania, na mwimbaji wa flamenko anaimba kwa uchungu kuhusu mwanaume aliyemdanganya, huku Daniel anakimbia, anavua, anavaa, anakosea. Ukumbi mzima ulikuwa hoi. Baba alikuwa anapiga paja langu kwa kiganja. Nilikuwa bado nimekasirika na nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma, vyote pamoja. Sikujua kwamba inawezekana.

Kisha sura inavuliwa mbele ya mkewe na hakuna anayecheka tena.

Kama mnaikumbuka filamu, mnajua kwamba wazazi hawarudiani. Ni jambo nililolichukia nikiwa mdogo. Niliamini kaseti yetu ina kasoro, kwamba kwingine kuna kaseti nyingine ambayo mwisho wake wanarudiana. Jukwaani pia hawarudiani. Bi Shakamoto anabaki kwenye televisheni, anawafariji watoto wa watu wengine ambao wazazi wao wameachana, na Daniel anapata kuwaona wanawe kwa sura yake mwenyewe. Wakati wa wimbo wa mwisho sikumtazama Baba. Nilimsikia anakohoa. Nafikiri ni kile kikohozi.

Tukatembea mpaka Holborn. Aliuliza tiketi zilikuwa pauni ngapi, nikapunguza nusu, akashtuka bado. Kwenye ngazi za kushuka treni akasimama. "Jumamosi ijayo una kazi?" Nikamwambia sina. Akasema atakuja yeye. Nikasema nitampikia. Akasema usijisumbue, nitaleta samaki. Nikataka kumuuliza utafika kweli au utaishia kituoni, neno likanifika kwenye ulimi, nikalimeza. Labda ni woga. Labda nimechoka tu na hesabu zile.

Usiku nikampigia Mama. Nilimsimulia mchezo, mkahawa, flamenko. Kuhusu kituo cha basi sikumwambia. Hilo ni la Baba kumwambia akitaka, na sidhani atataka. Lakini ya gauni na kikohozi nikamwambia.

Mama alikaa kimya kidogo.

"Kikohozi?" akasema. "Ningemjua kwa mwendo tu, hata hajafika geti." Halafu akaniuliza kama nimeshavitoa vile viti vya zamani nilivyoahidi kuvitoa, na kwamba mahamri yangu yako kwenye friza tangu wiki iliyopita, nije kuyachukua.

Jumamosi Baba alifika saa nne na nusu. Alikuwa amechelewa nusu saa na ana samaki kwenye mfuko wa plastiki. Alibisha hodi mara tatu, na nilipouliza nani, sauti ya shangazi wa Mji wa Kale ikanijibu nyuma ya mlango kwamba nifungue upesi, hakuja hapa kuhojiwa.