Kiko cha Tembo

Babu mzaa mama alikuwa na viko vinne, na mgeni akiulizwa akisie kile anachokipenda mwenyewe, karibu kila mara alikosea. Wengi walinyoosha kidole kwenye kile cha mti wa brayari kutoka Uingereza. Kilikuwa kizuri kwelikweli: nyuzi za mti zimepanda wima kuzunguka bakuli, rangi ya damu ya mzee, na pete ya fedha shingoni. Alipewa na mpima ardhi wa Kizungu aliyewahi kumfanyia kazi, siku Mzungu huyo alipofunga virago kurudi kwao. Cha pili kilikuwa cha gunzi la mahindi, cha Kimarekani, chepesi hadi unasahau kwamba unacho mdomoni. Cha tatu kilikuwa mtemba wa udongo aliourithi kwa baba yake kule Upareni. Huo hakuuvuta hata siku moja. Ulikaa kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo.

Cha nne ndicho alichokifia. Kilikuwa kifupi, kinene, bakuli lake jiwe tupu, na mrija wake mweusi umepinda kuelekea kidevuni. Ubavuni mwa bakuli ulipita mshipa wa kijivu, umekatiza kutoka ukingoni hadi chini kama barabara ya vumbi kwenye ramani. Kwenye mdomo wa kiko kulikuwa na tembo mdogo, na chini ya shingo herufi zilizopigwa muhuri, zimefifia, zikitaja Tanganyika. Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba Babu anakipenda kwa ajili ya tembo. Sababu hiyo ilinitosha kabisa, na nadhani bado ina uzito kuliko baadhi ya zile nilizokuja kuzisikia baadaye.

Jiwe lenyewe ni la huku huku kwetu. Linatoka Sinya, upande wa Longido, katika bonde la Amboseli ambalo mpaka wa Kenya umelipasua vipande viwili, na Mlima Kilimanjaro ukilitazama kutoka kusini mashariki. Wataalamu wa madini wanaliita sepiolaiti. Katika karakana ya viko, kwa ulimi wa wafanyakazi, lilikuwa mishamu. Mishamu inayosifiwa duniani ni ya Eskişehir, Uturuki: nyeupe, nyepesi, ile wanayoichonga vichwa vya masultani wenye vilemba na ndevu. Ya kwetu ni nzito kuliko ile na ina mabaka na mishipa. Ndiyo maana mara nyingi ilitumika kama bitana ndani ya bakuli la mti, pale moto unapogusa, ili mti usiungue. Tanganyika Meerschaum Corporation ilikuwa ikivitengeneza viko vyake hapa Arusha na kuvipeleka ng'ambo, kwa jina la Kiko, na alama yake ilikuwa huyo huyo tembo. Ukikutana leo na mkusanyaji wa viko wa Ulaya, huenda akaujua mji wetu kwa sababu hiyo kabla ya kuujua kwa sababu ya Serengeti.

Babu alifanya kazi katika karakana hiyo ya viko kwa miaka kadhaa, upande wa msasa na nta. Alipenda kueleza, na mikono yake ilieleza pamoja naye. Jiwe likiwa bado na unyevu wa ardhini unaweza kulikwangua kwa ukucha. Likikatwa na kukerezwa huachwa likauke, kisha ndipo linapigwa msasa, kwanza mkali, halafu laini, halafu laini kabisa, mpaka kidole kisisikie kitu. Mwisho linachovywa kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Hapo, alisema, ndipo jiwe linaposema kweli. Kabla ya nta lote linaonekana sawa. Likitoka kwenye nta, mshipa uliokuwa umejificha unajitokeza, na kiko ulichokihesabu kuwa cha kwenda London kinabaki Arusha. Cha kwake kilibaki hivyo. Alikinunua kwa bei ya mfanyakazi, akakitia mfukoni akaenda nacho nyumbani.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ilikuwa fahari, na haikuwa ya siri. Mwaka 1964 nchi ilipopata jina la Tanzania, herufi za kwenye shingo ya kiko zikawa za zamani, naye akawa na msemo kwa kila mgeni: "Nchi imebadili jina, hiki bado kinabisha." Lilipokuja Azimio la Arusha mwaka 1967, na maneno ya kujitegemea yakawa mdomoni mwa kila mtu, alianza kuacha kiko cha Mzungu nyumbani kila alipokwenda kwenye mkutano wa TANU. Mama yangu anakumbuka akikipangusa kile cha jiwe kwa upindo wa koti kabla ya kutoka, kama anayevaa beji. Jumapili mchana, mlango ukiwa umefungwa, brayari ilirudi mdomoni. Simlaumu. Brayari iliyotunzwa vizuri, yenye ukoko mwembamba wa masizi ndani ya bakuli, ina utamu wake, na tumbaku ya kopo iliyokuwa ikiuzwa dukani kwa Mhindi ilitengenezwa kwa ajili ya viko vya namna hiyo.

Kisha makopo yakatoweka. Mimi mwenyewe naanzia hapo kukumbuka kwa macho yangu: vita vya Kagera vimekwisha, foleni ya sabuni, foleni ya sukari, kadi ya duka la kaya. Tumbaku ya kopo ilikuwa anasa ambayo hakuna aliyethubutu hata kuiulizia, na ilipofika 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, kukutwa na kopo la Uingereza kungeweza kuzaa maswali. Lakini tumbaku yenyewe ilikuwepo, maana nchi hii inailima. Kutoka Tabora na Urambo ilikuja ile ya mvuke, ya manjano, nyepesi. Kutoka Songea ilikuja ile ya moshi, nyeusi, iliyokaushwa juu ya moto wa kuni, yenye harufu ya jikoni kwa bibi yeyote wa kijijini. Babu aliipata ya Songea kwa rafiki yake dereva wa lori, ikiwa imesokotwa bumba gumu kama ngumi ya mtoto. Aliikata kwa kisu juu ya kibao, vipande vyembamba, akavisugua viganjani mpaka vifumuke.

Aliijaribu kwenye brayari mara moja tu. Mti una kumbukumbu ndefu: ukiuvutia tumbaku kali, ukali unaingia ndani ya kuta, na kila utakachovuta baadaye kitaonja hivyo. Isitoshe mti unanyonya maji ya tumbaku na unahitaji kupumzishwa, usiku kucha au zaidi, vinginevyo unachachuka na kuunguza ulimi. Jiwe halina deko hilo. Mishamu ina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, vinafyonza unyevu na lami, moshi unafika mdomoni mkavu. Unaweza kukivuta asubuhi, ukakung'uta majivu, kikapoa, ukakijaza tena. Na jiwe, tofauti na mti, halitaki ukoko. Babu alilikwangua baada ya kila mvuto, kwa upole, kwa kipande cha mwanzi, kwa sababu ukoko ukiwa mnene hutanuka kwa joto na unaweza kulipasua bakuli kutoka ndani. Shina alilisafisha kwa unyoya wa kuku. Kushindilia alishindilia kwa kichwa cha msumari wa inchi nne uliosuguliwa ukalainika, nao ulikaa mfuko mmoja na kiko, nasi watoto tulipigwa marufuku kuugusa kana kwamba ni wa dhahabu.

Miaka hiyo yote, basi, kiko cha tembo kilikuwa kipenzi kwa sababu ndicho pekee kilichoweza kustahimili kilichokuwepo. Si sababu ya kimapenzi. Lakini ndoa nyingi zimesimama juu ya msingi huo huo.

Kilichonishangaza ni kilichofuata. Mzee Mwinyi akaingia madarakani, milango ya biashara ikafunguliwa, watu wakasema ruksa, na makopo yakarudi. Mjomba alimletea Babu moja kutoka Nairobi, bado limefungwa kwa lakiri ya karatasi. Babu alilifungua, akanusa kwa muda mrefu, akaenda kuitoa brayari kabatini. Akavuta. Akavuta tena siku ya pili. Baada ya wiki tumbaku ile ya kopo ilikuwa imehamia kwenye kiko cha jiwe, na brayari imerudi kabatini. Shida iliyomfunga na kile kiko ilikuwa imekwisha, naye hakutoka.

Ilikuwa ni rangi. Mishamu inabadilika rangi kadiri inavyovutwa, na wavutaji wa jiwe hawazungumzi jambo jingine wakikutana. Lami inayofyonzwa haikai ndani. Joto linaisukuma ikitokeza nje pamoja na ile nta. Huanza chini, penye kiungo cha shina na bakuli, rangi ya siagi. Halafu asali. Halafu kahawia, ikipanda polepole, na ukingo wa juu unabaki mweupe muda mrefu kwa sababu moto haukai pale. Hakuna njia ya mkato. Ukivuta haraka jiwe linapata moto kupita kiasi na rangi inakuja na madoa. Ukilishika kwa vidole likiwa la moto, jasho na mafuta ya mkono yanaacha alama. Kwa hiyo Babu alikishika kwa shina tu, kidole gumba juu, viwili chini, na hadi leo nikimwona mzee ameshika kikombe cha chai kwa namna hiyo moyo unanishtuka.

Zile tumbaku kali za Songea zilikuwa zimefanya kazi ambayo tumbaku laini za Kizungu zingechukua maisha mawili kuifanya. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 nusu ya chini ya bakuli ilikuwa kahawia ya kahawa iliyokaangwa, na ule mshipa wa kijivu, uliokizuia kwenda London, ulikuwa umekataa kabisa kupokea rangi. Ukabaki mstari wa fedha katikati ya kahawia. Nina hakika hakuna fundi ambaye angeweza kuutia pale kwa makusudi. Babu alikigeuzageuza dirishani, akauweka mshipa upande wa mwanga, na sidhani kama aliwahi kutazama kitu kingine chochote alichomiliki kwa namna ile, pamoja na shamba lake la kahawa.

Meno yalipoanza kumtoka, mrija uliopinda ukawa na faida mpya. Kiko kilichonyooka kinavuta taya chini kwa uzito wake wote. Kilichopinda kinaning'inia karibu na kidevu, na mzigo unapungua. Mdomo wa kiko, wa ule mpira mgumu mweusi, ulikuwa umeng'atwa hadi ukatoboka na jua limeugeuza rangi ya kijani iliyochakaa. Fundi mmoja wa kukereza pale mjini alikata kipande kilichotoboka, akachonga mdomo mpya kwenye kilichobaki. Kiko kikawa kifupi zaidi, tembo akaponea chupuchupu, yuko ukingoni sasa, mkonga unakaribia midomo.

Kikohozi kilimwanza kabla ya hapo, na kilizidi. Daktari alimwambia mara kadhaa, na mwishowe kwa ukali. Sheria ya bidhaa za tumbaku ilipitishwa mwaka 2003, ikakataza kuvuta katika sehemu za umma, lakini Babu alikuwa ameshaacha. Mapafu yake yalitunga sheria kabla ya Bunge. Alikishika bila kukiwasha wakati wa taarifa ya habari. Rangi ikasimama pale ilipokuwa imefika, upana wa kidole kutoka ukingoni. Alilisemea hilo kwa majuto zaidi ya alivyosemea kuacha tumbaku.

Baada ya msiba wajomba waligawana vitu. Brayari ilikuwa na wagombea watatu. Gunzi lilikuwa limeliwa na wadudu. Mtemba ulirudi Upareni kwa ndugu zake. Cha tembo, chenye alama za meno na mshipa ubavuni, hakuna aliyekiulizia, nami nikakiomba. Mimi sivuti na sitarajii kuvuta.

Siku nilipokwenda kukichukua nilimweleza Bibi nadharia yangu yote: fahari ya Tanganyika, ukame wa makopo, rangi, taya. Nilikuwa nimeipanga vizuri. Alinisikiliza huku anachambua mchele, hakunyanyua uso.

"Mjukuu wangu, hebu kigeuze."

Nikakigeuza. Chini ya bakuli palikuwa bapa, pamekatwa sawasawa.

"Kinasimama," alisema. "Vile vingine vyote ni duara. Ukiviweka mezani vinalala, majivu yanamwagika. Kile cha Mzungu kilinitobolea vitambaa viwili vya kufuma, kimoja cha harusi. Nikamwambia, sebuleni kwangu kitaingia kinachosimama. Kinacholala kikavutiwe bandani, kwa mbuzi." Akapuliza pumba kwenye ungo. "Na babu yako mbuzi alikuwa hawapendi."