Wametupita kwa Kunyonyesha

Ukikaa na wazee wa rika langu hapa Thika, hutakosa kusikia shutuma hii: wasichana wa siku hizi hawanyonyeshi, wanaogopa matiti yataanguka. Husemwa kanisani, husemwa mazishini, hata ndani ya matatu ya kwenda Ruiru mbele ya msichana aliyempakata mtoto. Mimi ni shosho, wajukuu ninao, na nasema tunawasingizia.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2008-09 ulikuta kwamba, kati ya watoto wa Kenya walio chini ya miezi 6, asilimia 32 tu ndio walionyonya bila kupewa kitu kingine. Kufikia 2014 walikuwa asilimia 61. Mwaka 2022, asilimia 60. Kizazi tunachokisengenya ndicho kilichofanya hivyo.

Sisi tulinyonyesha, tena muda mrefu. Lakini maziwa peke yake? Mtoto akilia usiku alipewa maji ya sukari. Akifika miezi miwili mitatu, uji mwepesi au kiazi kilichopondwa, kwa sababu mama mkwe alishaamua kwamba maziwa hayamshibishi. Mtoto akiharisha, tukasema ni meno. Na aliyekuwa na pesa kidogo alinunua maziwa ya kopo, akaliweka kopo mahali wageni watakapoliona. Miaka ile kampuni za maziwa ya unga zilikuwa zikituma wanawake waliovalia kama wauguzi kuwashauri kina mama wa Afrika. Wamarekani walianza kuisusia Nestlé mwaka 1977, Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za kudhibiti biashara hiyo 1981, na Kenya ikatunga sheria yake 2012, wengi wetu tukiwa tumekwisha kulea.

Wasichana hawa wanafundishwa kliniki mambo ambayo sisi hatukuambiwa. Kwamba dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano ambayo baadhi yetu waliyamwaga wakiyaona machafu, ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto dhidi ya maradhi. Kwamba mtoto anaponyonya mara tu baada ya kuzaliwa, tumbo la uzazi la mama hujikaza na damu hupungua. Kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha humpunguzia mama hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4 hivi, na saratani ya mfuko wa mayai nayo hupungua. Kunyonyesha tulikuhesabu kuwa kazi ya mtoto tu. Faida ya mama hakuna aliyetutajia.

Walichokosa ni kile tulichokuwa nacho bila kukiomba: mtoto kuwa karibu. Mama aliyechuma kahawa Ruiru alikuja na mwanawe shambani, dada mkubwa akamshika chini ya mti, na nyapara apige kelele asipige, mtoto alinyonya. Kahawa hiyo sehemu kubwa imeng'olewa. Mji wa Tatu City umejengwa palipokuwa mashamba yake, na sensa ya 2019 iliikuta Ruiru na watu 490,120. Mama wa leo hupanda matatu ya Nairobi kabla ya jua, au husimama kiwandani Thika mchana kutwa, na mtoto ameachwa kwa jirani anayelea watoto kumi.

Sheria ya ajira ya 2007 inampa miezi 3 ya likizo yenye mshahara. Zamani ilikuwa miwili, na ukiichukua ulipoteza likizo yako ya mwaka. Madaktari wanataka maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Mitatu iliyobaki ni ya nani? Na kibarua wa kulipwa kwa siku, hata hiyo mitatu ya kwanza anaiona kwa macho tu.

Sheria ya afya ya 2017 ililijibu swali hilo: kila mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea chenye sinki, friji, umeme, meza na viti, na ampe mama nafasi ya kunyonyesha au kukamua, hadi saa moja katika kila saa nane za kazi, bila kukatwa mshahara. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa siku 4 kwenye friji. Bila friji ni saa 4 hivi, kwa hiyo pale ambapo mwajiri hajatenga chumba hicho, wako wanaokamulia chooni na kuyamwaga. Ndiyo maana sishangai kwamba tangu 2014 asilimia haijapanda. Mafunzo yamefanya yanayoweza. Sasa ni zamu ya wenye viwanda.

Nasi wazee tuna zamu yetu. Mkienda kumwona mjukuu mchanga, msimpelekee uji wala maji ya sukari. Mpikieni mama yake njahi, mumfulie nguo, na mkirudi nyumbani mmuulize mwajiri mnayemjua kile chumba chake kiko wapi.