Bata Mpiga Mbizi wa Penye Mayungiyungi

Msafiri atokaye Mundika kwenda Sio Port hukuta vinamasi vya Mto Sio, vilivyoenea pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda. Maji matulivu kama hayo, yenye mayungiyungi, ndiyo makao apendayo bata mgongo-mweupe.

Ni ndege mdogo wa hudhurungi mwenye michirizi, na doa jeupe penye shina la mdomo. Weupe wa mgongo hauonekani mpaka arukapo. Akiona hatari hupendelea kuzama. Miguu yake imekaa nyuma mno, hata nchi kavu hutembea kwa taabu. Hula hasa mbegu za mayungiyungi, akizifuata chini ya maji. Dume naye huatamia mayai, kazi ambayo madume wengi wa bata huwaachia majike.

Mfereji wa kukaushia kinamasi ili mahindi yapandwe humwondolea nyumba na ghala pamoja, wala hawezi kwenda kuokota nafaka mashambani kama mabata wengine.