Nilivyokwenda Busara bila mwenyeji

Najua nimewatupa, mnisamehe. Leo naileta ile stori ya Zanzibar, maana kila nikikatiza kafeteria naulizwa "vipi, ulilala wapi?" Haya, someni wenyewe.

Mnajua mimi ni mtoto wa Nyantakara, Biharamulo. Kwetu bahari tunaisoma kwenye jiografia, iko zaidi ya kilomita 1,000. Sasa tangu nifike hapa Chang'ombe nasikia watu wanavyosimulia Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la pale Ngome Kongwe, lililoanza 2004. Nikaapa ya Februari 2025 hainipiti. Tulipanga twende wawili. Alhamisi usiku mwenzangu akajitoa, eti kesho yake ni Valentine na shemeji amenuna. Nikasema potelea mbali, naenda mwenyewe.

Hela? Bumu lilikuwa halijatoka. Nilichokuwa nacho ni laki na ishirini aliyonitumia mama baada ya kuuza maharage, inisogeze. Na kibaya zaidi, alinipigia nikiwa kwenye foleni ya boti.

"Uko wapi mbona kelele?"

"Kariakoo, mama."

Hivi hivi, bila hata kumeza mate.

Chumba sikuweka nafasi popote. Mimi nilijua ni kama stendi ya Biharamulo: unashuka na begi lako, unauliza "vyumba vipo?", unapewa ufunguo na kandambili. Boti ya saa tisa na nusu, masaa mawili hivi, jua linazama niko Malindi. Gesti ya kwanza, imejaa. Ya pili imejaa. Ya tatu kaka wa mapokezi alicheka kabisa: "Dada, wiki ya Busara watu washika vyumba tangu mwaka jana." Ya nne kilikuwepo kimoja, dola 80. Nikamuuliza kwa shilingi je, akapiga hesabu kwenye simu, nikamwambia asante. Ya tano nikaulizwa kama niko na mwanamume, na kama ninaye basi cheti cha ndoa. Niko na begi tu jamani!

Vile vichochoro vya Mji Mkongwe mchana nasikia vinapendeza. Usiku, mtoto wa kike peke yako, unapita mlango ule ule wa nakshi mara tatu, hapana. Ngoma nazisikia kutoka Ngome Kongwe, kila mtu anacheka, na mimi nataka kulia. Tamasha lenyewe nililolifuata sikulitaka tena, nilitaka kitanda.

Nikatokea Darajani. Kulikuwa na mama mmoja anauza urojo, nikaagiza bakuli ili angalau nikae. Nikamwamkia, nikamuuliza gesti ya bei rahisi.

"Wewe huna mwenyeji hapa?"

"Sina, mama."

"Lo! Kwenu wapi?"

Nikasema Nyantakara. Hapajui. Nikasema Biharamulo, njia ya kwenda Ngara na Rusumo. Akaacha kuchota.

"Kule walikoingia wakimbizi?"

Ndiyo kule kule. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda kama 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja tu, wakajaa Benaco. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nyumbani ile habari haiishi. Mama anasimulia hadi leo familia iliyolala jikoni kwetu msimu mzima wakipalilia vibarua, na bibi akikatazana na babu kuhusu unga. Na hao hawakupiga simu kuweka nafasi.

Yule mama akafunika sufuria yake. "Basi na mie leo nimepata mkimbizi wangu. Shika hiyo ndoo."

Akanipeleka Michenzani, kwenye yale majengo marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi. Ngazi hizo, na ndoo mkononi, mpaka magoti yakaomba poo. Ndani kuna mabinti zake wawili, nikapewa godoro katikati yao na kanga ya kulalia. Nikataka kumpa elfu kumi, akanikodolea macho nikairudisha haraka.

Kisha akanyoosha mkono. "Simu. Mpigie mama'ko, nimwambie mwanawe yupo kwa nani."

Wadau, nilijaribu kila uongo. Salio hakuna, chaji hakuna, kule mtandao unasumbua. Akampa binti yake simu, akanitazama nitaje namba. Nikaitaja.

Wakaongea kama robo saa! Nasikia upande mmoja tu: "...naam... hapana, salama... urojo kala... wala usijali dada yangu." Halafu nikapewa simu. Mama akakaa kimya mpaka nikadhani imekatika.

"Kariakoo ina bahari siku hizi?"

Sikujibu.

"Na ya maharage imebaki ngapi?"